"Anakikalia Dakika Ishirini Akifanya Nini?" Kisa cha Seva ya Maabara ya Mbali Kisumu

Harufu ndiyo iliyotufichua. Saa tano usiku mlinzi wa zamu alipita kwenye veranda ya jengo la uhandisi, akanusa kitu kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni, akaifuata harufu hadi mlango wa maabara, kisha akampigia simu fundi mkuu. Ndani, mota ndogo ya volti 12 ilikuwa ikizunguka tangu saa mbili na nusu, breki yake ya sumaku imebana, vanishi ya nyaya zake imeanza kuiva. Mwanafunzi aliyeiwasha alikuwa mtaani Nyalenda, simu mkononi. Alibonyeza "washa", akaiona mota ikianza, bando likaisha. "Zima" haikutumwa. Seva iliambiwa washa, ikawasha, ikakaa kungoja neno la pili.

Hiyo ilikuwa seva yetu ya kwanza ya maabara ya mbali, yaani kompyuta inayomwezesha mwanafunzi kuendesha kifaa halisi cha maabara kupitia intaneti, na aliyeiunda ni mimi. Nasimulia jinsi tulivyofika kwenye ya pili kwa sababu wenzangu wa vyuo vingine vya ukanda huu wa ziwa wameanza kuniuliza swali nililoanza nalo mwenyewe: tununue seva ya ukubwa gani? Swali hilo limeshikwa mkiani.

Chuo ni kimoja cha hapa Kisumu, sitakitaja. Darasa ni la mwaka wa tatu, watu 132. Vifaa ni ubao mmoja wa kuchaji na kumwaga kapasita (kipande kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda), na mota mbili za DC za kufundishia udhibiti. Kabla ya hapo mazoezi ya vitendo yalikuwa kama mnavyoyajua: sita wamezunguka meza, wawili wameshika nyaya, wanne wananakili namba. Corona ilipofunga vyuo Machi 2020, hata hao wawili wakakosa cha kushika.

Mhadhiri wa somo, ambaye sote humwita Daktari hata tukikutana naye sokoni Kibuye, hakutaka programu ya kuigiza majaribio kwenye kompyuta. "Programu inampa kila mtoto jibu moja safi," alisema. "Mimi nataka akutane na kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 100 kumbe ina 87, aje kuniuliza kwa nini." Kapasita za aina hiyo kwa kawaida huuzwa zikiwa na ruhusa ya kupotoka asilimia 20 huku au kule, na hilo ni somo ambalo uigaji huwa unalifuta.

Basi nikaweka kompyuta ya mezani ndani ya maabara, nikaifungia programu ya kutawala skrini kutoka mbali, nikatengeneza jedwali la zamu. Kila mwanafunzi dakika 20. Nilijiona nimemaliza kazi.

Hesabu iliyonivua nguo ni hii. Watu 132 mara dakika 20 ni dakika 2,640, yaani saa 44. Kwa makaratasi, wiki moja inatosha. Lakini makomredi, yaani wanafunzi wetu, hawafanyi kazi kwa makaratasi. Wanafanya usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Jumapili ya kwanza watu 40 walikuja kati ya saa mbili na saa nne usiku. Ndani ya saa mbili zinaingia zamu sita. Thelathini na wanne walilala na hasira, na asubuhi Daktari alikuwa na barua pepe za kutosha kusomea chai na chakula cha mchana.

Nilichofikiria mara moja ni kuongeza: kompyuta ya pili, ubao wa pili, seva yenye kumbukumbu zaidi. Niliandika hata ombi la fedha. Aliyenizuia si mhandisi wa mitandao. Ni fundi mkuu wa maabara, mama wa makamo ambaye amewaona wahadhiri watano wakija na kuondoka, na ambaye kila mtu pale, hata Daktari, humwita Mama. Alikuwa ameketi nyuma yangu na kikombe chake, akiangalia kwenye skrini jinsi mwanafunzi wa mbali anavyotumia zamu yake. Dakika nne akisoma maelekezo. Dakika tatu kipanya kimelala, pengine ameenda kutafuta kalamu. Akabonyeza. Kapasita ikajaa, ikamwagika. Kisha dakika sita za kunakili namba.

"Mwanangu," Mama akasema, "hiki kitu kinajaa na kumwagika kwa sekunde kumi. Huyu mtoto anakikalia dakika ishirini akifanya nini?"

Tazama ubao wenyewe. Rezista, yaani kipande kinachozuia mkondo, ni ya kiloomu 10, kapasita ni ya mikrofaradi 100. Ukizizidisha unapata sekunde moja, ndiyo muda ambao volti hupanda hadi asilimia 63 ya kilele chake. Kwa chanzo cha volti 5 ni kama volti 3.16. Baada ya mara tano ya muda huo, yaani sekunde tano, tunahesabu kwamba imejaa. Sekunde tano nyingine kumwaga. Ongeza mbili za rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, kubadilisha njia na kutulia: sekunde 12 kwa jaribio. Kila mwanafunzi akifanya majaribio matano, ni majaribio 660, na 660 mara 12 ni sekunde 7,920. Dakika 132. Darasa zima, majaribio yote, ubao uleule mmoja: saa mbili na dakika kumi na mbili badala ya saa 44. Na wale 40 wa Jumapili usiku? Dakika 40.

Hapo ndipo swali la seva lilipogeuka. Kumbe kabla ya ukubwa kuna kuamua kama mwanafunzi anakikalia kifaa au anakipelekea kazi na kungoja majibu, kama unavyompa fundi cherehani kitambaa na vipimo ukaenda zako. Ukichagua la kwanza, unahitaji zamu, video, na mtandao usiokatika. Ukichagua la pili, unahitaji foleni tu.

Wengine walikwisha kuliona hili zamani. Kule MIT, Marekani, maabara ya mtandaoni ya kupima vipande vya elektroniki ilianza mwaka 1998 chini ya Jesús del Alamo, na mradi wa iLab uliotokana nayo ulitenganisha majaribio ya kutuma kazi na yale ya kushika kifaa moja kwa moja. Muundo wao una tabaka tatu: programu ya mwanafunzi, dalali wa huduma anayeshika akaunti na matokeo, na seva ya maabara iliyo karibu na kifaa. Haukuishia huko, Obafemi Awolowo cha Nigeria, Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki na kujenga majaribio yao wenyewe. Kule Blekinge, Uswidi, mfumo wa VISIR unatumia safu za rilei kuunganisha mzunguko aliouchora mwanafunzi, kupima kwa muda mfupi sana, kisha kumpa nafasi anayefuata, hivi kwamba wengi hudhani kila mmoja ana meza yake. Nao Deusto, Bilbao, wana WebLab-Deusto, programu huria iliyoandikwa kwa Python, ambayo msingi wake ni kumpa mtumiaji kifaa kwa kipindi chake na kupanga foleni ya wanaosubiri.

Nilikaa wiki nzima kati ya hizo. Programu ya iLab ilijengwa juu ya Windows na hifadhidata ya Microsoft, na sikuwa na mtu wa kuitunza baada yangu. WebLab-Deusto nusura niichukue, na kama majaribio yetu yote yangekuwa ya kushika moja kwa moja ningeichukua bila kufikiria mara mbili. Mwishowe niliiba wazo la tabaka tatu nikaacha msimbo. Usinielewe vibaya, kujiundia mfumo ni deni, na siku nikiondoka atakayerithi atanilaani kidogo. Lakini foleni ya sekunde 12 ni kitu kidogo, na kidogo ndicho kinachorithika.

Kuna kijana aliyehitimu juzijuzi aliyekuja kusaidia, mwenye akili za moto, akataka tuweke Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zilizogawanywa kwenye seva nyingi. Nilimwomba anionyeshe mzigo. Kazi 660 kwa usiku. Hata zikija zote kwa dakika moja, ni maombi 11 kwa sekunde, na seva ndogo kabisa ya kukodi yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu inayapokea ikisinzia. Kinachochelewesha ni kapasita, na kapasita haiongezwi kasi kwa kuongeza seva. Foleni ikakaa kwenye jedwali moja la hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 ina namna ya kuipa programu inayochukua kazi safu iliyo huru na kuruka zilizoshikwa na nyingine. Hakuna kingine.

Sasa ikae wapi? Hili tulibishana. Ofisi ya teknolojia ya chuo ilisema chumba cha seva kipo, chenye jenereta. Nilisema hapana, na sababu yangu haikuwa kasi. Kati ya Agosti na Desemba 2023 pekee karibu nchi nzima iliingia gizani mara tatu, Agosti, Novemba na Desemba, na hizo ni zile kubwa tu zilizotangazwa. Huku kwetu stima hupotea bila kutangazwa, hasa alasiri mvua ikipiga. Stima ikipotea chuoni, ubao unalala, hilo halina dawa ya bei nafuu. Lakini mwanafunzi aliye mtaani Mamboleo mwenye stima bado anapaswa kufungua ukurasa, kuona matokeo yake ya jana, kutuma kazi mpya, na kusoma kwamba ubao umelala na kazi yake ni ya kumi na saba. Kwa hiyo mlango wa mbele, yaani akaunti, foleni na matokeo, ukaenda kwenye seva ya kukodi Nairobi. Kifaa kikabaki maabarani na Raspberry Pi yake, kompyuta ndogo ya bei nafuu inayokiendesha.

Halafu vitaunganishwaje? Mkuu wa ofisi ya teknolojia alikataa kufungua mlango wowote wa kuingia kutoka nje hadi maabarani. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakubali kwamba yuko sahihi. Kifaa kinachozungusha mota hakifai kuwa na anwani ambayo dunia nzima inaweza kuibishia hodi. Tukageuza mwelekeo. Pi ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva, inaufungua muunganisho, inauacha wazi na kuuliza kazi. Njia ya kutoka ilikuwa wazi tayari, na siku tuliyohamisha ubao kwa muda kwenye ruta ya simu, haikubidi kubadilisha hata mstari.

Lugha wanayozungumza Pi na seva ni MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ina bei. Ina kitu kimoja nilichokipenda: wosia. Kifaa kinapojiunga kinaacha ujumbe wa kutangazwa endapo kitakatika ghafla. Wosia wa ubao wetu unasema "nimelala", na ndio unaobadilisha ukurasa wa mwanafunzi bila mtu kugusa chochote. Ina tabia nyingine ya kuchunga: ukiiomba ihakikishe ujumbe umefika, inaweza kuufikisha mara mbili. Kila kazi basi ina namba yake, na ubao ukiona namba iliyokwisha kufanywa unanyamaza.

Turudi kwenye ile mota. Kosa halikuwa bando la yule kijana, wala halikuwa mtandao. Kosa lilikuwa kugawa amri moja vipande viwili na kuamini cha pili kitafika. Sasa amri ni moja yenye mwisho wake ndani: zunguka kwa mizunguko hii, kwa sekunde 15. Na anayehesabu hizo sekunde si seva ya Nairobi wala Pi. Ni mikrokontrola, kompyuta ndogo ya chipu moja, iliyofungwa kwenye mota. Isiposikia "niko hai" kutoka kwa Pi kwa sekunde mbili inakata volti. Juu yake kuna rilei ambayo ikikosa umeme hufunguka yenyewe na kuikatia mota njia. Mama alikuja kuijaribu kwa njia yake: alisubiri mota ishike kasi, akachomoa waya wa mtandao, akatazama saa ya ukutani. Akachomoa tena mara nne. Ndipo akatia sahihi.

Udhibiti wenyewe pia haukuweza kukaa mbali. Kidhibiti cha PID cha mota hiyo, yaani hesabu inayolinganisha kasi iliyopo na inayotakiwa, husoma kasi na kurekebisha volti mara 100 kwa sekunde, kila milisekunde 10. Nilipopima kwa simu nikiwa Kondele, safari ya kwenda na kurudi iliruka kutoka milisekunde 50 hadi zaidi ya 400 ndani ya dakika moja. Ni sawa na kuendesha boda ukiwa umefumba macho, mtu wa nyuma akikuambia kona baada ya kuipita. Mwanafunzi anatuma namba tatu za kidhibiti. Mzunguko wa udhibiti unabaki mezani.

Kwa mota, hata hivyo, Daktari aligoma. Alitaka wanafunzi waikaze breki wenyewe na kuona kasi ikishuka kisha kujiinua. Hilo halitumwi kama kitambaa kwa fundi. Tukakubaliana: vikundi vya watu wanne, vikundi 33, dakika 10 kila kimoja, mota mbili. Mota moja vikundi 17, nyingine 16: dakika 170, chini ya saa tatu. Zamu zikabaki, lakini kwa jaribio linalozistahili.

Na zamu zikaleta video, na video ikaleta gharama ambayo mimi siilipi. Kamera ilikuja ikiwa imewekwa kutuma picha moja moja, picha 10 kwa sekunde, kila moja kama kilobaiti 30. Fanya hesabu ya dakika 10: megabaiti 180 kutoka mfukoni mwa mtu ambaye chakula chake cha mchana ni chapati madondo kibandani. Tulipoibana kwa H.264, njia ya kupunguza uzito wa video, kwenye kilobiti 300 kwa sekunde ikawa megabaiti 22 na nusu. Picha si nzuri. Alama nyeupe kwenye gurudumu inaonekana, na inayohitajika ni hiyo. Grafu ya kasi inakuja pembeni kama namba tupu, uzito wake ni kama ujumbe wa WhatsApp.

Mengine yalitupata njiani. Kadi ya kumbukumbu ya Pi ilikufa mara mbili, zote stima ilipokatika Pi ikiwa inaandika. Sasa mfumo wake ni wa kusomwa tu, matokeo yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi seva iseme imeyapokea. Stima ikikatika katikati, kazi inarudi kwenye foleni na kufanywa upya, na kwa kuwa kila jaribio huanza kwa kuimwaga kapasita, kurudia hakudhuru. Mwanafunzi mmoja alipata matokeo yenye tarehe ya kabla hajatuma kazi, akadai tumempikia. Kumbe Pi yetu haina betri ya saa, ikiamka bila intaneti haijui leo ni lini. Tarehe sasa inagongwa na seva. Mwingine alituma kazi 40 kwa mpigo akawafungia wenzake, nasi tukabadilisha foleni imchukulie kila mtu kazi moja kwa zamu, kama mama ntilie anayegawa wali. Radi ilituunguzia swichi, tukavuta kebo ya nyuzi za kioo kati ya jengo na jengo badala ya shaba. Na kunakiliana kulipungua Daktari alipompa kila mwanafunzi rezista yake kati ya nane, kulingana na namba ya usajili.

Siku ya kukagua mfumo, mkuu wa kitivo aliomba kuiona hiyo seva. Nilimwonyesha Pi iliyofungwa ukutani kwa skrubu mbili na bili ya kila mwezi ya ile ya Nairobi. Nadhani alitarajia kabati lenye taa.

Kitu cha mwisho kuongezwa kiliombwa na Mama. Rilei za ubao wa kapasita, kwa mujibu wa karatasi ya mtengenezaji, zinaahidi mibofyo 100,000 zikiwa na mzigo wake kamili, na sasa zinabofya usiku kucha bila mtu kuzisikia. Zamani alijua rilei inayokaribia kufa kwa mlio wake. Akataka seva ihesabu kwa niaba yake, safu moja kwa kila rilei, na imtumie ujumbe mfupi ikifika 80,000. Jumatatu iliyopita ile ya kuchaji ilikuwa 9,212. Mama ameiandika kwa kalamu kwenye daftari lake pia, kwa kuwa daftari, alivyoniambia, halijawahi kuchomolewa waya, na ya akiba iko kwenye droo ya juu.